Picha Hainiambii Kitu, Hebu Liguse Kwanza

Saa tano usiku simu inalia, binamu yangu, hakuna salamu hakuna nini, picha moja tu ya mgongo wa kiganja na chini yake kaandika "hii nini". Nimeshazoea. Tangu ndugu wajue nafanya kazi kliniki ya ngozi simu yangu imekua albamu ya mapaja, visogo, makwapa na migongo ya ukoo mzima, mengine hata sijui ni ya nani maana yanafika yameshafowadiwa mara tatu, na karibu wote wanataka neno moja tu, choa, aleji au fangasi, wapake dawa walale.

Mi huwa sijibu neno moja. Nauliza maswali mpaka watu wanakasirika, shangazi aliwahi kuniambia "we mtoto, nimekuuliza ugonjwa unanihoji kama polisi", kwahiyo nimeona niandike hapa mara moja, siku nyingine nikitumiwa picha natuma link naendelea na usingizi wangu.

Shida ya picha ni kwamba inalaza ngozi. Kila kitu kinakua bapa. Na swali la kwanza kabisa kwenye ngozi sio rangi, ni je, limeinuka au halijainuka? Fumba macho pitisha kidole. Kama kidole hakisikii kitu, hilo ni doa, rangi tu imebadilika. Kama kinasikia kitu kidogo chini ya sentimita 1, hicho ni kipele. Kama ni kitu kama gololi imezama chini ya ngozi, hilo ni vimbe. Na kama ni kitu kipana zaidi ya sentimita 1, kimeinuka halafu juu kimelala, upana unazidi kimo, basi hilo ndo baka lililoinuka, wenyewe kliniki tunaliita plaki. Fikiria kiraka kilichoshonewa juu ya suruali, ukipitisha kiganja unausikia ukingo wake kabla hujauona. Hiyo ndo plaki. Mara nyingi inaanza kama vipele vidogo vimesogeleana mpaka vikaungana, ndo maana ukiangalia pembeni yake unaweza kukuta vipele viwili vitatu ambavyo bado havijajiunga na kundi, na hivyo vidogo ndo vinasema ukweli kuliko lile kubwa.

Hii habari ya kupanga magonjwa ya ngozi kwa umbo sio yangu wala sio ya juzi. Kuna daktari wa London, Robert Willan, mwaka 1808 alitoa kitabu ambacho badala ya kuanza na majina ya magonjwa alianza na maumbo, vipele huku, magamba kule, malengelenge kule. Mpaka leo tunatumia mpango wake, tumeongeza tu. Na uzuri ni kwamba hata yeye mwenyewe alijichanganya, ugonjwa ambao leo tunauita soriasisi kuna sura yake aliiita "lepra", jina ambalo watu walisikia ukoma, na ikabidi isubiri mpaka 1841 ndo Ferdinand von Hebra wa Vienna akautenganisha vizuri. Sasa kama Willan alijichanganya na mgonjwa yuko mbele yake, mi na picha ya saa tano usiku iliyopigwa na fleshi ntaweza wapi?

Haya tuanze na hiyo hiyo soriasisi maana ndo mama wa plaki. Ukingo wake ni mkali, yaani ungeweza kuzungushia kalamu usikosee, hapa ngozi ya ugonjwa hapa ngozi nzima, hakuna katikati. Juu yake kuna magamba makavu ya rangi ya fedha yamepangana. Na linapenda sehemu zake, viwiko kwa nje, magoti kwa mbele, kichwani hasa pale nywele zinapoanzia, kiunoni, na sehemu mbili ambazo mgonjwa hakuonyeshi mpaka umuulize, kitovuni na kwenye mfereji wa makalio. Mara nyingi linakuja pande zote mbili, kiwiko cha kulia na cha kushoto kama vile vimeambiana.

Kuna kitu nilionyeshwa siku zangu za mwanzo sijawahi kusahau. Mkubwa wangu wa kazi alichukua kipande cha mbao kile cha kukandamizia ulimi, akakwaruza plaki taratibu. Kwanza gamba likageuka jeupe zaidi, unga unga kama ukikwaruza mshumaa kwa ukucha. Akaendelea. Ikabaki ngozi nyembamba inang'aa kama imelowa, akakwaruza mara moja tena, na hapo vikatokea vitone vya damu vidogo mno kama ncha ya sindano, kimoja, viwili, sita. Hiyo wanaiita ishara ya Auspitz. Maana yake mishipa midogo ya damu imepanda juu sana na ngozi iliyoifunika imekua nyembamba pale. Seli za ngozi ya kawaida zinachukua kama mwezi mzima kupanda kutoka chini mpaka juu kubanduka, kwenye soriasisi zinafika juu kwa siku chache tu, hazijakomaa, zinarundikana, ndo hayo magamba. Tafadhali usikwaruze nyumbani kujipima, kwanza hiyo ishara inaweza kutokea kwenye magonjwa mengine pia, pili soriasisi ina tabia mbaya, ukiijeruhi ngozi inaota palepale kwenye jeraha. Nimeshaona plaki imenyooka kama rula, kufuata mkwaruzo.

Halafu angalia kucha. Watu hawaangalii kucha. Vishimo vidogo kama vimetobolewa na sindano, au doa la rangi ya mafuta chini ya ukucha, au ukucha unaachia kutoka kwenye nyama. Na uliza viungo, asubuhi vidole vinakaza? Maana soriasisi kwa baadhi ya watu inaingia kwenye maungio na huko ikiachwa inaharibu kabisa, ngozi ni nusu ya habari. Na haiambukizi, naomba hili lisikike, haiambukizi, mshike mkono lala nae kitanda kimoja hupati kitu.

Choa sasa. Choa ni fangasi, inaanza sehemu moja halafu inatanuka kwenda nje kama moto unavyokula majani makavu, nyuma inaacha pametulia, mbele ndo kunawaka. Kwahiyo ukingo ndo wenye mambo yote, umeinuka, una magamba, una vipele vidogo, wakati mwingine vilengelenge, na katikati panaonekana kama panapona. Na inawasha. Ukikwanguliwa magamba ya ule ukingo, yakawekewa dawa ya potashi maabara yakaangaliwa kwenye hadubini, unaona nyuzi za fangasi zimelala pale, kipimo chepesi cha dakika chache tu ambacho kingetuokoa na mambo mengi kama tungekifanya kila mara, mimi nikiwemo.

Maana kilichoharibu sura ya choa siku hizi ni hizi krimu za mchanganyiko, zina steroidi, dawa ya fangasi na antibayotiki humo humo kwenye tyubu moja, watu wanazipenda kwa sababu siku ya pili muwasho umekata. Muwasho umekata kwa sababu steroidi imeulaza mwili usipigane, fangasi anaendelea kutembea kimyakimya, magamba yanapotea, ukingo unafifia, na ukija kliniki baada ya miezi mitatu unakuja na kitu hakifanani na choa wala hakifanani na chochote. Tunakiita choa kilichojificha. Hapo hata mwenye macho makali anapotea. Kwahiyo kabla hujaonyesha ngozi yako kwa mtu yeyote, taja ulichopaka, hata kama ulipewa na jirani, hata kama unaona aibu.

Ukurutu, au pumu ya ngozi kama wengi wanavyoita, unatofautianaje? Ukingo wake umefifia, unayeyuka kuingia kwenye ngozi nzima, hujui umeishia wapi. Unawasha kuliko vyote, mtu anakuna mpaka usingizini. Kuna aina inakuja ya duara kama sarafu, hiyo inachanganya watu sana na choa, lakini hiyo haijatulia katikati, imejaa yote, na ikiwa mbichi inatoa maji maji yanakauka kuwa gaga. Na ukikunwa kwa miezi mingi ngozi inakua nene, mistari ya kawaida ya ngozi inajichora kwa kina, kama ngozi ya tembo. Ukiona mistari imekolea hivyo jua kuna mkono unakuna hapo muda mrefu, hata mwenyewe akikataa.

Sasa ngoja nikwambie la kwangu, ndo sababu hasa ya mi kuwa msumbufu hivi.

Miaka yangu ya mwanzo alikuja baba mmoja wa makamo, baka moja tu kwenye mkono karibu na kiwiko. La mviringo. Ukingo umeinuka, katikati pamelala, pamekauka, rangi imefifia kidogo. Foleni ndefu, mi nimechoka, nikaona duara, nikaona katikati pametulia, nikaandika krimu ya fangasi, mwingine aingie. Akarudi baada ya miezi kama mitano na wala hakuja kwa ajili ya baka, alikuja kusema kidole chake kidogo kimelegea, ufunguo unamponyoka. Mkubwa wangu wa kazi akachukua pamba, akaisokota ncha ikawa nyembamba, akamwambia baba fumba macho, kila ukihisi nimekugusa onyesha kwa kidole. Akamgusa begani, anaonyesha. Akamgusa mkononi, anaonyesha. Akafika katikati ya baka, akagusa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, yule baba katulia tu kafumba macho anasubiri kuguswa.

Nilitamani ardhi ipasuke.

Ulikua ukoma. Akapapasa nyuma ya kiwiko kwa ndani, pale ambapo ukijigonga unasikia umeme mpaka kidole cha mwisho, mshipa wa fahamu umenenepa kama kamba. Baka la ukoma la aina ile lina ukingo umeinuka kweli, linafanana na choa kweli, lakini haliwashi, halitoi jasho, vinyweleo vinapungua juu yake, na katikati pana ganzi. Swali moja tu, "linawasha?", lingenisimamisha. Bakteria wake anajulikana tangu 1873, Gerhard Armauer Hansen wa Norwei ndo alimuona, na dawa zipo, ni mchanganyiko wa dawa zinazomezwa kwa miezi 6 au 12 kutegemea na wingi wa mabaka na aina yake, na tangu 1995 Shirika la Afya Duniani linahakikisha zinatolewa bure. Ugonjwa unakaa mwilini kimya kama miaka 5 na unaweza kufika hata 20 kabla haujaonekana, kwahiyo hakuna maana ya kuuliza "nimeupata wapi wiki iliyopita". Yule baba alipona ugonjwa. Kidole hakikurudi sawasawa. Tangu hapo pamba iko mfukoni mwa koti langu na kila baka lisilowasha linaguswa.

Mengine ntayapita haraka haraka. Likeni planasi ni vijibaka vya zambarau, bapa juu, vina pembe pembe badala ya kuwa duara, vinang'aa ukiviinamisha kwenye mwanga, vinapenda vifundo vya mkono kwa ndani pale saa inapokaa, vinawasha mno, na ukimwambia mtu afungue mdomo unaweza kukuta ndani ya shavu kuna michirizi myeupe kama wavu. Lupasi ya ngozi, ugonjwa wa kinga ya mwili kujishambulia yenyewe, inakaa usoni, masikioni, kichwani, sehemu za jua, gamba lake limeng'ang'ania, ukilibandua chini yake lina vimiiba vilivyoingia kwenye vishimo vya nywele, na inaacha kovu, nywele hazirudi. Yale mabaka ya aleji yanayovimba ghafla, zungushia kalamu, andika saa, kesho yake angalia. Kama baka limehama au limefutika ndani ya masaa 24 bila kuacha alama basi ni hiyo, kama bado lipo palepale siku ya pili na linauma au limeacha weusi, hilo sio aleji ya kawaida. Na kama una mabaka mwilini halafu yapo pia viganjani na nyayoni, hayawashi, usione haya kupima kaswende, ile inajua kuigiza magonjwa mengine kuliko kinyonga.

Sasa yale ya kuogopa kidogo. Mtu ana "ukurutu" sehemu zinazofunikwa na nguo ya ndani, makalio, nyonga, mapaja ya juu, miaka na miaka, unapaka unapungua unarudi, mabaka yana maumbo ya ajabu ajabu, mengine membamba kama karatasi ya sigara mengine yameinuka. Kuna saratani ya seli za damu inayokaa ngozini, Alibert wa Ufaransa aliielezea 1806, na kwa kuwa mavimbe yake ya mwisho yalifanana na uyoga akaiita kwa jina la uyoga, mikosisi fungoidesi, watu wanasikia fungo wanadhani fangasi. Sio fangasi hata kidogo. Hiyo haijulikani kwa kuangalia tu, lazima ikatwe nyama kidogo ipelekwe maabara, na mara nyingine zaidi ya mara moja maana ya kwanza inaweza kutoka haina jibu. Kaposi nayo, saratani nyingine inayotokea ngozini, plaki za zambarau iliyokolea, kwenye ngozi nyeusi zinaonekana kahawia au nyeusi kabisa, haziwashi, nyingi hazina magamba, zimejinyoosha kufuata mistari ya ngozi, na ukimulika tochi kwenye kaakaa unaweza kuzikuta huko juu. Na "ukurutu" wa chuchu upande mmoja tu ambao hauponi, jamani, huo usipakwe pakwe, upelekwe, James Paget aliandika tangu 1874 kwamba nyuma yake panaweza kuwa na saratani ya titi.

Na rangi je? Rangi nimeiweka mwisho makusudi. Vitabu vingi vya ngozi vimeandikwa kwa kuangalia watu weupe, kila ukurasa "wekundu, wekundu, pinki ya samaki", halafu unakuja kwa mtu mweusi unautafuta wekundu huuoni, unaona zambarau, kijivu, kahawia nzito, unasema sio yenyewe. Ni yenyewe. Gamba la soriasisi kwenye ngozi nyeusi ni kijivu zaidi kuliko fedha, na plaki ikishapona inaacha doa jeusi au jeupe kwa miezi ambalo mgonjwa anadhani bado ni ugonjwa anaendelea kupaka dawa kali juu ya ngozi iliyokwisha kupona. Ukingo hauna kabila, magamba nayo hivyo hivyo, ganzi ndo usiseme. Rangi ndo yenye kigeugeu.

Na kama ni lazima unitumie picha basi piga vizuri bana. Zima fleshi, kaa karibu na dirisha mchana, mwanga utokee ubavuni sio juu, ndo kivuli cha ukingo kinaonekana. Piga ya mbali nijue ni sehemu gani ya mwili, piga ya karibu, piga moja kwa kuinamisha simu. Weka sarafu au rula pembeni. Na usipake mafuta kabla, mafuta yanalaza magamba, mtu anakuja ngozi inang'aa kama kiatu anasema daktari niangalie.

Tukirudi kwa binamu. Nikamwandikia, fumba macho pitisha kidole, unasikia nini. Akasema duara, katikati pako kawaida, ukingo kama uzi mnene umepita chini ya ngozi, vidonge vidonge vimepangana. Magamba? Hakuna, laini kabisa. Kwaruza kidogo na ukucha. Hakuna kitu. Linawasha? Hapana. Hapo roho ikaniruka, nikamwambia amwamshe mkewe achukue pamba amguse macho yamefumbwa, saa tano na nusu usiku hiyo, nikasubiri dakika nane nzima, voisinoti ikaja, nyuma nasikia shemeji analalamika, "anahisi, kote anahisi, mnaniamshia pamba?" Nikapumua. Duara lisilo na magamba, laini, haliwashi, mgongo wa kiganja, hisia zipo. Nikamwambia hiyo kwa maelezo yako inafanana na granuloma anulare, haina madhara, haiambukizi, mara nyingi inaondoka yenyewe ndani ya miaka miwili hivi, lakini kesho uje niishike mwenyewe na ikibidi tukate nyama kidogo tuhakikishe. Nikamuuliza umepaka nini mpaka sasa.

"Dawa ya fangasi. Tyubu mbili zimeisha, ya tatu nimeinunua leo jioni."

Halafu zikaja zile nukta tatu za mtu anaandika, anafuta, anaandika.

"Ukifungua kifuniko tu wanakubali urudishe?"